Ramani ya Ziwa Superieur ya mwaka 1672

Mwaka jana mseminari mmoja wa filosofia alitujia na picha aliyoikata katika gazeti la zamani la Ulaya. Ilikuwa picha ya ramani. Akatuuliza: «Padri, hii ndiyo Tanganika yetu, wameilaza ubavu?» Wenzake wakacheka, na sisi vilevile. Lakini ulizo lake halikuwa la mjinga. Alikuwa ameona ziwa kubwa lenye visiwa, na kandokando ya maji majina ya misioni: Sainte-Marie, Saint-Esprit, Saint-Ignace, Saint-François-Xavier. Mtu aliyezaliwa karibu na Mpala au Kirungu akiona majina ya namna hii yamepangwa juu ya pwani ya ziwa, atadhani yuko nyumbani.

Haikuwa Tanganika. Ilikuwa ramani ya ziwa la Amerika ya Kaskazini, iliyochapwa Paris mwaka 1672, na waliochora ni mapadri wawili Wayezuiti. Tangu siku ile wengine wametuuliza habari zake, basi tumeona vema kuzieleza hapa kwa wote, kwa kuwa ramani hii ina jambo moja ambalo padri na katekista sharti walijue.

Kwanza ziwa lenyewe. Wafaransa waliliita Lac Supérieur. Neno hilo lisiwadanganye, ninyi ambao mkisikia «Supérieur» mnanyosha migongo na kuficha sigara. Maana yake ni ziwa la juu tu, lililo juu ya mengine kwa mtu anayepanda na mtumbwi akifuata maji. Leo mpaka wa Kanada na Marekani unapita katikati yake. Upana wa maji yake ni karibu kilometa za mraba 82,000, na Tanganika yetu haifiki 33,000. Lakini kwa urefu wa kwenda chini tunawashinda sana: pahali pa chini kabisa pa Superieur ni metre 406, pa Tanganika ni 1,470. Wakati wa baridi maji ya pwani hugeuka kuwa barafu, mitumbwi hulala, na watu hupita juu yake kwa miguu.

Padri Claude Allouez aliingia katika ziwa hilo mwezi wa tisa mwaka 1665. Alikuwa na miaka 43, si kijana tena. Alisafiri pamoja na kundi kubwa la watu wa pale waliokuwa wakirudi kwao baada ya kuuza ngozi za wanyama kwa Wafaransa. Mtumbwi wa watu hao si gogo lililochimbwa kama mitumbwi yetu. Ni maganda ya mti yaliyoshonwa na kupakwa utomvu juu ya mbavu za miti myembamba, na watu wachache wanaweza kuubeba begani. Basi walipiga kasia wakifuata pwani ya kusini hata wakafika Chagouamigon, upande wa magharibi wa ziwa, na pale padri akajenga kanisa dogo la maganda. Ndiyo misioni ya Saint-Esprit.

Mwaka 1667 alisikia ya kuwa Wakristo fulani wa kabila la Nipissing, waliokimbia vita, wanakaa mbali kaskazini, karibu na ziwa jingine liitwalo Nipigon. Walikuwa hawajaona padri kwa miaka mingi. Akaondoka mwezi wa tano pamoja na waongozi wawili wa pale, wakavuka ziwa, wakakata kaskazini kwa mito na maporomoko, akawakuta, na siku ya Pentekoste akawasomea Misa. Tukisema leo kwamba alikuwa anajifunza jiografia, hatusemi kweli. Alikuwa anatafuta kondoo. Lakini kila rasi aliyoipita na kila mdomo wa mto aliolala karibu nao ulibaki katika kichwa chake na katika kartasi zake.

Mwenzake ni Padri Claude Dablon, mtu wa Dieppe, mji wa bahari katika Ufaransa. Yeye alifika kwenye misioni ya Sainte-Marie mwaka 1669, pale ambapo maji ya ziwa yanamwagika kwa kishindo kwenda ziwa la Wahuroni. Nyuma akawa mkubwa wa misioni zote za Wayezuiti katika Kanada, naye ndiye aliyekuwa akitayarisha kila mwaka kitabu cha habari za misioni, kinachopelekwa Paris kuchapwa. Vitabu hivyo viliitwa Relations. Ramani yetu ilitokea ndani ya kile cha mwaka 1670 na 1671, imekunjwa kati ya kurasa zake.

Ukiikunjua ina karibu sentimetre 35 kwa 48. Ziwa Superieur linaonekana lote zima, na jina lingine la heshima limeongezwa: Lac Tracy, kwa ajili ya bwana mkubwa wa Ufaransa aliyetumwa kutawala nchi ile. (Ziwa halikulishika jina hilo. Maziwa hayana adabu mbele ya wakubwa.) Ile rasi ndefu ya pwani ya kusini, Keweenaw, inaingia katika maji pahali pake. Padri Dablon alieleza umbo hilo vizuri mno: ziwa ni kama upinde uliovutwa, pwani ya kusini ni kamba yake, na rasi ile ni mshale. Jina Keweenaw katika luga ya watu wa pale lina maana ya pahali pa kukatiza kwa kubeba mitumbwi, sababu hawakuzunguka rasi yote, waliikatiza. Mapadri wakalijua jambo hilo si kwa kupima, bali kwa kubeba.

Tuseme sasa kidogo namna ramani kama hii inavyotengenezwa, maana vijana wengi wanadhani kila picha inatoka katika mashini. Fundi huchukua bamba la shaba, ile ambayo ndugu zetu wa Katanga huiita mukuba, akalisugua hata ling'ae kama kioo. Kiisha anakata mistari ndani yake kwa chuma kidogo chenye ncha kali, akisukuma kwa kiganja. Kila kitu anakikata kinyume: mashariki kushoto, magharibi kulia, na herufi zote zikitazama nyuma, kusudi zikipigwa katika kartasi zisimame sawasawa. Mstari uliokosewa haufutwi kwa mpira. Anapaka wino, wino unaingia mistarini, anapangusa juu, analaza kartasi iliyolowa maji kidogo, na kuipitisha pamoja na bamba kati ya magogo mawili yanayobana kwa nguvu. Kartasi inanyonya wino na kubaki na alama ya ukingo wa bamba pande zote nne. Kwa alama hiyo wajuzi wanatambua kwamba ramani ilipigwa kwa shaba kweli, si picha ya picha.

Fundi huyo wa Paris hakuliona ziwa hata siku moja. Alikata alichoandikiwa. Kumbe uzuri wote wa kazi unategemea ile kartasi iliyotoka msituni.

Na hapa tunafika penye jambo lenyewe. Katika kitabu kile mnaelezwa kwamba ramani ilichorwa na mapadri wawili wenye akili na uangalifu, ambao walikata shauri wasiweke kitu chochote wasichokiona kwa macho yao. Tena mnaelezwa matokeo ya shauri hilo: maziwa mengine mawili, la Wahuroni na la Wailinois (leo linaitwa Michigan), yameonyeshwa sehemu ya kaskazini tu. Hayakumalizika. Na mapadri wale walikuwa wamekaa siku nyingi kwenye maziwa yale! Walikuwa wamesikia habari za kusini kwa watu mia. Wangaliweza kufunga mstari kwa mviringo mzuri, na nani katika Paris angewaumbua? Hawakufunga. Mahali pa kuona kwao palipokoma, kalamu pia ilikoma, na maziwa mawili yakabaki wazi kama chungu kilichovunjika chini.

Kusudi muone uzito wa kanuni hiyo, tazameni ramani nyingine iliyotangulia, na hii inatuhusu sisi Wakongo. Mwaka 1591 Filippo Pigafetta alichapisha Roma kitabu cha habari za ufalme wa Kongo. Habari alizipata kwa kinywa cha Duarte Lopes, Mreno, ambaye mfalme Alvaro wa kwanza alikuwa amemtuma kama mjumbe wake kwa Papa. Ramani iliyo ndani yake ni nzuri kwa macho, nayo pia ilikatwa katika shaba. Ndani ya Afrika utaona maziwa mawili makubwa, moja kusini na jingine kaskazini yake, na mto Nili unatoka huko. Pigafetta hakufika Kongo kamwe. Juu ya pwani na mji wa mfalme shahidi wake alijua mengi. Juu ya maziwa ya ndani alirudisha yale aliyoyasikia, na mwenye kitabu akayapa mstari mweusi uleule aliowapa pwani na mji. Msomaji hakuweza kupambanua kilichoonwa na kilichosikiwa. Kwa miaka mingi waandishi wa Ulaya walibishana juu ya maziwa yale, na watu wa Ujiji na Uvira walikuwa wanavua samaki bila kujua kwamba ziwa lao limehamishwa.

Hatusemi kwamba ramani ya Wayezuiti haina kosa. Kwa kupima urefu wa jua waliweza kujua pahali palivyo mbali na ikweta, na hesabu hiyo walifundishwa katika makolezi yao. Lakini kujua umbali wa mashariki na magharibi kulihitaji saa zisizopotea safarini, na saa hizo zilipatikana katika karne ya 18 tu. Basi walikadiria kwa siku za kupiga kasia. Siku ya upepo mbaya ni ndefu, siku ya maji matulivu ni fupi. Kila mvuvi anajua. Hata hivyo umbo la ziwa ni lile lile tunaloliona leo katika picha zilizopigwa kutoka juu angani. Kazi iliyoizidi kabisa ni ile ya Bayfield, afisa wa manuari za Uingereza, aliyelipima ziwa mwaka 1823 hata 1825 akiwa na vyombo vizuri. Imepita miaka mia na hamsini!

Tena tusiwasahau wale ambao majina yao hayakuandikwa. Wanaposema «kwa macho yao» tuelewe vema: macho yalikuwa ya mapadri, lakini njia ilikuwa ya wenyeji. Nani alimwambia Allouez wapi pa kulala kabla ya dhoruba? Nani alijua kwamba katika mwezi fulani samaki hupanda penye maporomoko ya Sainte-Marie? Majina mengi ya ramani ni ya luga zao, yamepotoka kidogo katika masikio ya Kifaransa, kama Kirungu na Mpala zilivyosemwa namna nyingi na wageni wetu. Hata maneno «Outaouacs» katika kichwa cha ramani ni jina la kabila mojawapo, ambalo Wafaransa waliwabandika wote wa upande ule.

Sasa mtasikia habari ya kusikitisha. Mwaka 1744, yaani miaka 72 baadaye, ilichapwa Paris ramani nyingine ya maziwa yaleyale. Fundi wake ni Bellin, mtu mwenye sifa, na ilitokea katika kitabu cha Padri Charlevoix, Myezuiti pia. Maziwa yote matano yamo, yamekamilika, yamepambwa. Lakini katikati ya Superieur vimeota visiwa vikubwa ambavyo havikuwapo katika ile ya 1672: Philippeaux, Pontchartrain, Maurepas. Vimetoka wapi? Wanahistoria wanavifuatisha kwa afisa mmoja, La Ronde, aliyekuwa akitafuta shaba pande zile. Na mkubwa wa mambo ya bahari katika Ufaransa, mwenye uwezo wa kumpa ruhusa na feza, alikuwa Jean-Frédéric Phélypeaux, mtawala wa Maurepas, mwana wa Pontchartrain. Someni tena majina ya visiwa, kiisha someni jina la mkubwa. Hatuhitaji kuongeza neno.

Visiwa hivyo havipo. Havikuwapo kamwe. Lakini viliingia katika ramani ya Mitchell ya mwaka 1755, na ramani hiyo ilikuwa mezani mwaka 1783 Waingereza na Wamarekani walipofanya amani kule Paris. Katika mkataba wakaandika kwamba mpaka utapita kaskazini ya kisiwa Royale na kisiwa Philippeaux. Nyuma watu wa pande zote mbili wakatumwa kwenda kuweka mpaka. Wakatafuta kisiwa, wakakuta maji. Mambo ya mpaka huo yakamalizika mwaka 1842 tu. Mtu mmoja alimpendeza mkubwa wake kwa mstari wa wino, na mataifa mawili yakagombana juu ya nchi ambayo samaki peke yao wanaikaa.

Mtatuambia: hayo ni mambo ya Wazungu na serkali zao. Basi tuwasimulie jambo letu wenyewe, ijapo linatuaibisha.

Tulipokuwa mapadri wapya tulipewa kutengeneza ramani ya parokia: vijiji vyote vya katekumena, mito, na njia. Tulikuwa na haraka, tena tulitaka ipendeze. Vijiji vya karibu tulivipita kwa baiskeli. Vya mbali, ng'ambo ya mto, tuliviweka kwa maneno ya watu tuliokaa nao barazani, na tulitumia wino uleule. Ramani ikatundikwa ofisini, wageni wakaisifu. Baada ya miezi mingi mwenzetu mmoja, mgeni katika parokia, aliitwa usiku kwa mgonjwa. Mjumbe alikuwa amechoka sana, akabaki. Padri akaichungulia ramani yetu, akaondoka peke yake. Kivuko tulichokiandika hakikuwa pale. Kilikuwa mwendo wa saa mbili kupanda mto. Alipofika asubuhi, mgonjwa, mzee aliyeomba Sakramenti siku tatu, alikuwa amekwisha kufa. Mwenzetu hakutulaumu. Alisema tu: «Kama mngeacha nyeupe, ningemwamsha mjumbe.»

Katekista mzee wa upande ule alikuja nyuma, akatazama ramani, akaweka kidole. «Nani aliwaambia hii?» Hatukuweza kukumbuka. Akatuambia, kwa heshima aliyoizoea: «Baba, mimi ningekuja na ninyi.» Mwezi uliofuata tulikwenda pamoja naye siku tano. Ramani mpya ilikuwa mbaya kwa sura, na upande mmoja mzima ulibaki mtupu.

Turudi kwa ile ya 1672. Nakala zake zimekuwa chache sana, na sababu ni nyepesi. Ilikuwa imekunjwa katika kitabu. Mikunjo hupasuka, na wauza vitabu wengine waliichomoa wakaiuza peke yake. Tena mwaka 1673 Papa Clementi wa kumi alikataza vitabu vya misioni visichapwe pasipo ruhusa ya Propaganda, na Relations zikakoma. Basi havikuja vitabu vingine vya mfululizo ule vya kuitoa tena. Maktaba zenye nakala huitunza chini ya kioo.

Asiyeweza kufika huko asihuzunike. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Relations zote zilichapwa upya katika Marekani, vitabu 73, Kifaransa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na ramani imo. Mseminari atakayeipata mbele yake asianze na mapambo. Aweke kidole penye Sainte-Marie, afuate pwani ya kusini kwenda magharibi, polepole, kama kwa kasia, apite Keweenaw hata Saint-Esprit, azunguke kaskazini na kurudi. Kiisha ashuke katika ziwa la Wailinois, akiacha Saint-Ignace nyuma, aingie katika ile ghuba hata Saint-François-Xavier. Kidole kikizidi kushuka kusini kidogo, atakuta kartasi tupu.